Mkongeni: reli ya shamba la katani kwenye ubao wa sentimita 110

Maonyesho yangu ya kwanza ya treni za modeli niliendesha treni kwa kidole. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila injini ilipofika kwenye pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, ilizima kimya, nami nikaisukuma kwa kidole cha shahada mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake kama treni za Afrika zote husukumwa. Mama akaona haya. Mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani Leicester nimenuna hadi Mama Zuhura akaniuliza nimegombana na nani.

Nimezaliwa kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Baba alikuwa dereva wa injini ndogo ya dizeli iliyovuta troli za majani kutoka shambani hadi kwenye korona, ile mashine inayoponda majani na kuyakwangua mpaka zibaki nyuzi. Reli zile za mashambani zilikuwa nyembamba, milimita 600 kati ya chuma na chuma, wakati reli kubwa ya Tanga hadi Moshi ina upana wa mita moja. Siku hizi trekta limechukua kazi, na reli nyingi zimeng'olewa zikauzwa chuma chakavu. Mimi nazikumbuka kwa miguu: tulikuwa tunatembea juu ya mataruma yake kwenda shule.

Huku Uingereza kutengeneza treni za modeli ni mchezo wa watu wazima, na wanauchukulia kwa uzito kama sisi tunavyochukulia bao. Karibu kila mwisho wa wiki kuna maonyesho mahali fulani, mara nyingi ukumbi wa shule au wa kanisa, na chai ndani ya kikombe cha karatasi. Niliingia kwa mara ya kwanza kukwepa mvua, nimemshika Zuhura mkono. Ubao uliotunasa ulikuwa mdogo kuliko meza yetu ya jikoni: machimbo ya mawe, injini moja, mabehewa machache, na mzee mmoja akiyapanga polepole bila haraka ya kwenda popote. Nikasimama pale dakika arobaini. Reli yake ilikuwa nyembamba kama ya kwetu.

Kumbe wana kipimo maalumu cha reli za namna hiyo. Kila kitu hupunguzwa mara 76, na reli yenyewe ina upana wa milimita 9. Ukizidisha unapata milimita 684, kwa hiyo reli yangu imezidi ile ya kweli kwa sentimita nane na kitu. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kunikosoa kwa hilo, nami sijiumizi kichwa. Faida ni kwamba milimita 9 ndio upana wa reli ya treni za modeli ndogo zinazouzwa kila mahali, hivyo unanunua chesesi ya kampuni ya Kijapani ya Kato yenye mota na magurudumu tayari, kisha unaivisha bodi yako mwenyewe. Yangu niliikata kwa bapa za plastiki kutokana na picha moja ya baba, amesimama kando ya injini na kofia kiunoni.

Kabla ya kununua msumari hata mmoja nilipima buti ya gari. Nakusihi na wewe uanzie hapo. Nyumba yetu ina ngazi nyembamba zenye kona, gari ni dogo, na zamu zangu ni za usiku, kwa hiyo lazima kitu kibebeke na mtu mmoja aliyechoka. Ikatoka sentimita 110 kwa 35, plaiwudi ya milimita 6, na mgongo wa ubao nikauchora Milima ya Usambara kwa rangi ya samawati iliyofifia.

Udongo ulinisumbua. Nilitaka ule mwekundu wa nyumbani, lakini huwezi tu kutia udongo kwenye sanduku ukapita nao uwanja wa ndege wa hapa. Nikatumia unga wa kuzibia nafasi za vigae, rangi ya tofali, nikauchunga kwa chujio la chai juu ya gundi mbichi. Ukikauka ni Korogwe ya mwezi wa Februari kabisa.

Mkonge ndio ulionila. Mche mkubwa una urefu wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo kwangu ni milimita 20. Kila mche ni nyota tatu za karatasi ngumu, zimepakwa rangi ya kijani yenye kijivu, zikapandanishwa juu ya pini na ncha zake kukunjwa kuelekea juu. Nikikaa vizuri natoa minane kwa usiku. Nilihitaji 340, maana mkonge usipokuwa kwenye mistari mirefu iliyonyooka si shamba, ni kichaka. Majira ya baridi yote yakaishia hapo. Mama Zuhura alikuwa anaokota vinyota vya karatasi hadi kwenye unga wa chapati.

Kisha ikaja zamu ya uanikaji. Pembeni ya korona huwa kuna nyaya ndefu zinazoanikiwa katani, nyeupe kama nywele za bibi. Nikaenda duka la vifaa vya bustani nikanunua kamba ya katani, nikaifumua, nikaichana kwa chanuo. Nilifurahi mno: katani halisi kwenye uanikaji wa katani! Nikaipachika, nikarudi nyuma hatua mbili, nikaona fito. Unyuzi mmoja wa kweli ukiuweka kando ya kibarua mwenye urefu wa sentimita mbili na kitu unakuwa mnene kama kidole chake. Nikaing'oa yote, nikafumua uzi wa cherehani wa rangi ya maziwa badala yake, na papo hapo ikawa katani.

Sasa turudi kwenye kidole changu. Ili kokoto zisimame chini ya reli unazinyunyizia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Nilimwaga kwa ukarimu. Gundi ikatambaa hadi kwenye pointi na kukauka pale ulimi wa chuma unapogusa reli na kupitisha umeme. Nyumbani injini ilikwama mara mojamoja, nikaigusa, ikaenda, nikajiambia ni vumbi. Ukumbini, baada ya usiku wa baridi ndani ya gari, ikakataa moja kwa moja.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa meza ya pili, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye ubao wa bandari. Saa kumi hivi alikuja na spiriti na vijiti vya pamba, akainama, akanusa kabisa ile pointi. "Umeilisha gundi," akasema. Akanieleza jambo ambalo lingeniokolea siku nzima: usiuamini ulimi wa pointi kupitisha umeme, kwa kuwa kugusana tu hakutoshi. Lehemu waya mwembamba kutoka kila ulimi hadi reli iliyo kando yake. Halafu kile kipande cha katikati chenye umbo la V, kama ni cha plastiki, ni kaburi la injini fupi. Yangu ina magurudumu manne tu yaliyokaribiana, ikifika pale inakosa pa kunywa umeme. Nikanunua pointi zenye V ya chuma, na kila moja nikaiwekea swichi ndogo chini ya ubao inayobadilisha umeme pointi inapogeuka.

La mwisho alinishauri uzito. Injini nyepesi haikandamizi reli vya kutosha. Nikajaza bodi yangu kwa chubwi za ndoano za wavuvi mpaka ikafika gramu 70, na tangu hapo inatambaa kama kobe bila kusita.

Wakati ule ule nikabadilisha pia kinachofanyika juu ya ubao. Hapo mwanzo injini ilikwenda ikarudi, na watu walitazama sekunde kumi wakaondoka. Wenzetu huku wana fumbo la zamani lililobuniwa na Alan Wright, linaitwa Inglenook: njia tatu, moja yenye nafasi ya mabehewa matano, mbili za mabehewa matatu matatu, na mahali pa injini kuvutia nyuma mabehewa matatu tu. Mabehewa ni manane. Unachagua matano kwa bahati nasibu na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Fanya hesabu, kama mabehewa yote manane ni tofauti: 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, treni 6,720 tofauti kwenye ubao unaoingia kwenye buti.

Troli za mkonge zote zinafanana, basi nikazitofautisha kwa mzigo: nne za majani, moja ya tangi la maji, moja ya kuni, moja ya marobota ya katani, moja ya vibarua waliokaa wananing'iniza miguu. Mgeni anachomoa karata tano, mimi napanga. Kuachanisha mabehewa natumia kijiti cha mishikaki, ingawa wako wanaopenda sumaku zilizofichwa. Watoto wanapenda zaidi kijiti. Katika maonyesho ya pili mvulana wa miaka tisa hivi alirudi mara tano, na mara ya tano alinikosoa: "Ungeanza na maji." Alikuwa sahihi.

Mambo mengine ni madogo. Andaa karatasi yenye ukubwa wa ubao, idadi ya waendeshaji na gharama za usafiri, maana waandaaji hupita wakitafuta mbao za maonyesho yajayo na huuliza hayo kabla hata ya jina lako. Mimi hudai petroli tu. Vifaa vya umeme vikaguliwe na kubandikwa kibandiko. Ubao uwe na taa zake, kumbi zina giza. Niliuweka kimo cha sentimita 105 baada ya kuona wenye viti vya magurudumu wakitazama miguu ya meza. Na kama huli nguruwe, sema mapema, la sivyo chakula cha bure cha mchana kitakuwa mkate wa nyama hiyo.

Baba bado yuko Korogwe. Nilimtumia picha baada ya kumaliza, akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hayo majani umeyamwaga kama taka. Yanafungwa mizigo ya thelathini thelathini, halafu unailaza kukingama juu ya troli."

Nikafumua troli zote nne nikafunga mizigo upya. Sikuyahesabu thelathini, naomba asisome hapa.

Maonyesho ya tatu nilimpigia kwa video katikati ya ukumbi, nikaegemeza simu kwenye kikombe cha chai, nikachomoa karata na kupanga treni nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakusema neno muda wote. Wageni wawili watatu walimpungia mkono, akawapungia. Treni ilipokamilika, vibarua nyuma, maji mbele, nikamwuliza anaonaje.

"Dereva wako ana haraka," akasema. "Pale watu wanatembea kando ya reli. Punguza."

Nikashika kitasa cha mwendo, nikapunguza.