Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa Taarifa Rasmi siku ya bajeti ya barabara

Saa 12:00 asubuhi

Kitu cha kwanza ninachokisoma asubuhi katika kipindi hiki cha bajeti ni Orodha ya Shughuli za siku, kwa kuwa ndiyo inayoniambia ni vitabu gani nibebe. Mkutano wa Bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni 30, nasi waandishi wa Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo watu wengi wanazijua kwa jina la Hansard, katika miezi hiyo hulala na kuamka na sauti za Waheshimiwa masikioni. Orodha ya leo ina maswali ya asubuhi, mojawapo likihusu uchimbaji wa mchanga katika mito ya msimu, halafu inafuata siku ya mwisho ya mjadala wa makadirio ya wizara inayosimamia barabara na madaraja. Nimechukua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura ya 191, iliyotungwa mwaka 2004, pamoja na daftari langu la majina ya mito na vijiji vya Kanda ya Kati. Daftari hilo nimelijaza kidogo kidogo, kwa sababu Mbunge mwenye dakika chache za kuchangia hataji Kinyasungwe, Godegode na Chipogoro kwa utaratibu wa mwalimu wa darasa la pili.

Saa 2:00 asubuhi

Kutoka Ilazo, mtaa ninakoishi, hadi viwanja vya Bunge si mbali. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima huwa milimita mia tano hadi mia sita hivi. Ni mvua chache, lakini hushuka kwa kishindo, na mwezi Mei, makorongo yakiwa yamekauka, alama zake huonekana wazi: karavati lililozibwa na mchanga na matawi ya miti, na pembeni yake barabara iliyomegwa, kwa kuwa maji yaliyokosa njia ya kupita chini yalijitafutia njia ya pembeni. Mimi si mhandisi, ila nimeandika hotuba nyingi kuhusu makaravati ya namna hii kiasi kwamba siwezi kupita karibu na moja bila kulitazama.

Saa 3:00 asubuhi

Siwa, ile rungu ya heshima ya Bunge, imeingia, dua imesomwa, na maswali yameanza. Mheshimiwa mmoja ameuliza ni lini Serikali itakomesha uchimbaji wa mchanga karibu na nguzo za madaraja. Jibu la Serikali limesimama juu ya kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kinachokataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au shughuli zinazoweza kuharibu mazingira kutokana na asili yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Lilikuwa jibu zuri, lililoandaliwa vizuri. Hata hivyo, uzito wa jambo ulijitokeza katika swali la nyongeza, pale alipotaka kujua inakuwaje halmashauri ikusanye ushuru kwa lori linalobeba mchanga uleule ambao sheria inasema usichimbwe hapo. Kiti kiliita utulivu. Katika Taarifa Rasmi sehemu hiyo itasomeka hivi: neno Makofi ndani ya mabano, na chini yake sauti isiyojulikana ya MBUNGE FULANI akisema sawasawa.

Nimelitafakari swali hilo asubuhi nzima. Halmashauri inahitaji mapato, na ujenzi wa Dodoma, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, unahitaji mchanga kila siku. Hakuna anayeweza kuiambia kamati ya kijiji kwamba lori lipite bure. Lakini daraja likianza kuning'inia kwa sababu mchanga ulioshikilia msingi wake umegeuka tofali za nyumba ya mtu, gharama ya kulirudisha haitatoka katika ushuru ule. Itatoka katika fungu lingine kabisa, la wizara nyingine, linalojadiliwa siku nyingine.

Saa 4:20 asubuhi

Zamu yangu ya kwanza. Tunagawana kikao kwa vipande vifupi vya sauti, kila mwandishi na chake, ili rasimu isipishane sana na kinachoendelea ukumbini. Tunaondoa kigugumizi na maneno yaliyorudiwa bila sababu, ila maana ya msemaji hatuigusi hata akiwa amekosea. Katika kipande changu Mbunge anataja umbali kutoka ukingo wa mto, na hapohapo kengele ya kwanza, ya kumwonya kwamba muda wake unakaribia kwisha, inalia juu ya sauti yake. Amesema mita sita au mita sitini? Nimesikiliza kwa kasi ya kawaida, nikapunguza kasi, nikamwita mwenzangu wa meza ya pili naye asikilize bila kumwambia mimi nimesikia nini.

Baadhi ya watu huona huku ni kujisumbua, kwa kuwa sheria inajulikana na mtu angeweza kuandika sitini akaendelea na mengine. Mimi siwezi. Mheshimiwa akiwa alisema sita, basi alisema sita, na jukumu la kumsahihisha ni la aliyeketi upande wa Serikali, wala si langu. Na akiwa alisema sitini, halafu Taarifa Rasmi ikasema sita, mtu atakayekwenda na ukurasa huo kwa mwenye shamba la bondeni au kwa mwenye lori la mchanga atakuwa amebeba silaha ya uongo. Mwenzangu alisikia sitini. Nikarudi kwenye mkanda, na baada ya kengele silabi ya mwisho ilisikika. Nikaandika mita sitini na kuweka alama ili mhariri asikilize tena.

Saa 5:30 asubuhi

Mjadala umepamba moto. Wengi, kama ilivyo kawaida, wanaomba lami, na sioni ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa Mbunge ambaye wapiga kura wake wanambeba mjamzito kwa machela kuvuka mto uliojaa ana kila haki ya kusimama na kuomba daraja. Wanataja kazi zinazoonekana hapa Dodoma: barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, na reli ya kisasa ambayo tangu mwaka 2024 inasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Mchango ulionifanya nikae wima ulihusu reli ya zamani. Mchangiaji aliwakumbusha wenzake kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe, ambako tuta la reli linakwenda sambamba na mto na limesombwa mara kwa mara. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisimamisha treni za reli ya kati kwa miezi. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yale hayaanzii Kilosa. Mto Kinyasungwe unayakusanya kutoka vilima na mbuga za Dodoma na Mpwapwa, unakuja na udongo wa mashamba yasiyo na matuta na malisho yaliyobaki uwanda mtupu, na udongo huo unainua kitanda cha mto mpaka mto unahamia kwenye reli. Kwa hiyo, alisema, mkitenga fedha za mawe na nyavu za kulinda tuta bila kutenga fedha za kutunza vilima, mtarudi hapa kuomba fedha za mawe.

Yote hayo yanajulikana siku nyingi. Mpwapwa palikuwa na majaribio ya kupima mmomonyoko wa udongo tangu miaka ya 1930. Mwaka 1973, mwaka uleule uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipofanywa, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limekatwakatwa na makorongo. Uoto ulirudi, lakini wafugaji walilipa gharama kubwa. Ndiyo maana ninapata uchungu ninaposikia tathmini ya athari kwa mazingira ikizungumzwa kama karatasi ya kumchelewesha mkandarasi. Mfugaji wa Kondoa aliamriwa kuondoa ng'ombe wake wote kwa ajili ya udongo. Anayejenga tuta la barabara linaloelekeza maji yote ya bonde kwenye shamba la mtu anaombwa tu kuwasilisha mpango wa usimamizi wa mazingira, na mara nyingi hakuna anayerudi mvua ikinyesha kuangalia kama mpango huo ulifuatwa.

Saa 7:10 mchana

Bunge limesitishwa hadi saa 10:00 jioni. Kwenye foleni ya chakula nilikuwa nyuma ya mhandisi mmoja mtu mzima, mmoja wa maofisa wanaokaa karibu na ukumbi kuwaandalia Mawaziri majibu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mmetuandika vizuri leo?”

Nilimwambia tumeandika kilichosemwa. Alicheka, kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia ukumbini. Ukubwa wa karavati, alisema, hukadiriwa kwa mvua na kwa hali ya ardhi inayopokea mvua hiyo. Kilima chenye miti na nyasi hukawiza maji, na kilima kilichokatwa mkaa huyashusha yote kwa saa moja. Unaweza kupima vizuri leo, bomba likatosha, na baada ya miaka kumi likawa dogo bila mvua kuongezeka hata tone. Nilimuuliza kwa nini hilo halimo katika majibu ya Serikali. “Vilima si vya wizara yetu,” alinijibu, na uso wake haukuwa wa mtu anayejitetea.

Saa 10:00 jioni

Waziri mtoa hoja amehitimisha, na Bunge zima limekaa kama Kamati ya Matumizi kupitia makadirio yenyewe. Hapo waandishi tunajihadhari, kwa sababu anayeongoza sasa anaitwa Mwenyekiti badala ya Spika, na kazi inakwenda fungu kwa fungu, kifungu kwa kifungu, kwa haraka. Kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri, Mbunge wa asubuhi, yule wa madaraja na mchanga, amesimama kusema atashika shilingi, yaani atatoa hoja ya kuzuia shilingi moja ya mshahara huo, asipopata maelezo ya kuridhisha. Alitaka kila daraja linalojengwa upya liende pamoja na kazi ya kudhibiti mmomonyoko upande wa juu wa mto, na fedha za kazi hiyo zionekane ndani ya mkataba wenyewe.

Waziri alieleza kwamba wizara yake itakaa na ofisi inayosimamia mazingira na mamlaka za serikali za mitaa. Mbunge hakuridhika, akatoa hoja, wenzake wakasimama kumuunga mkono, na wachangiaji kadhaa wakapewa nafasi. Mmoja alipinga kwa hoja nzito: fedha za barabara zikianza kupanda miti, barabara zitapungua, na wananchi wa vijijini ndio watakaoumia. Naiheshimu hoja hiyo. Bado naona kwamba barabara inayosombwa kila baada ya masika kadhaa nayo imepunguza barabara, kwa kuwa fedha za kuirudisha zingejenga nyingine kwingine.

Mwishowe Waziri alisimama tena, na safari hii alitaja muda: maelekezo yatatolewa kwa wakala wanaosimamia barabara kabla ya mvua za Desemba, na taarifa itapelekwa kwenye Kamati ya Kudumu ya Miundombinu na ile ya Maji na Mazingira. Mbunge akarudisha shilingi. Vifungu vilivyobaki vikapitishwa kwa pamoja, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha.

Saa 2:30 usiku

Kipande chenye ahadi hiyo kimeangukia kwenye zamu yangu. Nimekisikiliza mara nyingi kuliko kipande kingine chochote cha leo, kwa sababu Waziri alianza sentensi, akaikata kumjibu Mbunge aliyesimama katikati ya hotuba kumpa taarifa, kisha akairudia kwa maneno mengine, na tofauti ya maneno ina uzito. Mara ya kwanza alisema wataangalia uwezekano wa kutoa maelekezo. Mara ya pili alisema watatoa maelekezo. Mwenye haraka angeziunganisha sentensi hizo ziwe moja laini, na mwakani Mbunge atakapofungua ukurasa huu asimame nao, angekuta ahadi iliyolegea. Nimeziacha zote mbili kwa mpangilio wake, pamoja na taarifa iliyokatiza katikati, nimeandika Desemba kama ilivyotamkwa, na nimepeleka rasimu kwa mhariri. Orodha ya Shughuli za kesho imeshatoka. Kuna swali kuhusu kujaa kwa udongo katika bwawa la Hombolo, kwa hiyo Sura ya 191 inarudi kwenye mkoba.