Asumini inanyauka na udongo umeloa

Asumini yangu ya mlangoni ilianza kunyauka mwezi wa nne, masika yameshachanganya hapa Dar, na mi nikafanya kosa wanalofanya wengi, nimeona majani yamelegea nikafungulia mpira wa maji. Asubuhi namwagilia jioni namwagilia, na kila siku hali inazidi, majani ya chini yanageuka njano, ukiyagusa tu yanadondoka.

Mama mmoja jirani anayeuza miche akapita akaniambia, "Mwanangu, hayo majani achana nayo, angalia mizizi." Akakwaruza gome kwa kucha, chini bado kijani, akasema haijafa hii. Tukafukua pembeni taratibu bila kuing'oa, na kabla hata hatujafika mbali ikatoka harufu ya mtaro. Mizizi mizima inakuwa myeupe au rangi ya maziwa, imekaza. Yangu ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizolala kwenye maji, nikavuta mmoja ngozi yote ikabaki vidoleni, ukabaki uzi mwembamba tu wa katikati. Kumbe mizizi nayo inapumua jamani! Udongo ukijaa maji muda wote hewa inakosekana, mizizi inaoza, haiwezi tena kunyonya, ndo mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji.

Lakini siyo kila kunyauka ni kuoza. Nyanya zangu mwaka jana zilikuwa zinalala mchana jioni zinaamka, kung'oa moja nikakuta mizizi ina manundu, ni minyoo fundo ile, vijinyoo vya udongoni vinavyoingia ndani ya mizizi. Ila usichanganye na vinundu vya kunde na maharage, vile vimeshikizwa tu pembeni ya mzizi, vinabanduka kwa kucha, na vikiwa hai ndani vina rangi ya pinki, vile ni rafiki kabisa. Vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba.

Asumini nikaikata mizizi yote iliyooza mpaka nikafika penye weupe, nikapunguza na matawi maana mizizi michache haiwezi kulisha majani yote yale, nikachanganya mchanga mnene, nikaipandisha kwenye tuta. Mbolea ya dukani sijagusa, inaunguza mizizi yenye vidonda. Na bomba la maji ya AC lililokuwa linadondokea pale pale, fundi ameligeuza.

Leo wiki ya tano, macho mawili mapya yametokeza. Sasa kabla ya kumwagilia nachomeka kidole kwanza, kikitoka na tope naacha.