Wiski ya viungo isiyo na kiungo hata kimoja

Mara ya kwanza niliiharibu. Chupa ya The Spice Tree, wiski ya kampuni ya Compass Box, nilizawadiwa na mwenzangu wa kazini hapa Glasgow, Uskoti. Nikaimimina kwenye gilasi ya maji, nikapiga fundo moja kama mtu anayemeza dawa. Kilevi asilimia 46 hiyo! Kifua kiliwaka, machozi yakanitoka, ladha niliyoambulia ni moto mtupu. Nikaipandisha juu ya kabati ikakaa miezi.

Kilichonirudisha ni jina lake. Mimi ni mtu wa Muheza, nimekulia nyuma ya meza ya viungo ya shangazi sokoni. Haiwezekani nishindwe kuvisikia viungo.

Safari hii nilinunua gilasi ndogo yenye tumbo na mdomo mwembamba, nikatia kiasi cha vidole viwili, nikaiacha kama dakika kumi. Halafu pua. Usiizamishe ndani, utanusa spiriti tu. Iweke juu kidogo ya ukingo, midomo ukiwa umeiachia. Ikaja vanila, kisha tangawizi. Nikatia maji nusu kijiko cha chai, na hapo ndipo karafuu ilipotoka, ile ile tuliyokuwa tukiibana kwenye jino bovu. Nilicheka peke yangu jikoni.

Fundo la kwanza niliacha lizoee ulimi, sikulihesabu. La pili nililizungusha taratibu: utamu, kisha mdalasini, kungumanga, na mwisho ukali kama wa pilipili manga unaobaki kooni. Katikati kuna unene fulani wa nta, kama umelamba sega la asali. Huo nadhani ni wa Clynelish, kiwanda cha kaskazini kinachojulikana kwa tabia hiyo, ambacho wiski yake imo humu. Maana hii ni mchanganyiko wa wiski za kimea cha shayiri kutoka viwanda kadhaa, bila tone la wiski ya nafaka nyingine.

Nikampigia shangazi, ambaye pombe haigusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Sasa humo wametia karafuu ya wapi?"

Hawakutia. Sheria ya Uskoti hairuhusu viungo kwenye wiski; harufu yote hiyo imetoka kwenye mbao za mapipa inamokomazwa. Mwaloni uliochomwa kidogo hutoa eujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake. John Glaser, mwanzilishi wa kampuni, mwaka 2005 aliingiza vipande vya mwaloni wa Ufaransa ndani ya mapipa ya wiski hii. Chama cha wenye viwanda vya wiski kikapinga kwamba si desturi, na mwaka uliofuata akaacha kuitengeneza. Mwaka 2009 akarudi kwa mlango mwingine: safari hii mwaloni huo aliufanya vifuniko vya pipa lenyewe. Mimi naona ni ujanja mzuri, kwani pipa bila vifuniko si pipa.

Shangazi alinyamaza kidogo, kama anayepiga hesabu.

"Kwa hiyo ni ubao?"

"Ubao, shangazi."

"Basi nitumie kipande nikitie kwenye pilau, nione."