Kutoka Kibuye hadi kwenye jeli: siku yangu na nyama ya kuku

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko soko la Kibuye, Kisumu, kikasha cha barafu begani. Nanunua paja hapa, shingo pale. Kila kipande na mfuko wake, na namba yake. "Daktari, leo huchukui firigisi?" mama mmoja ananiuliza. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara ninayesaka Salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye nyama ya kuku; ila nimechoka kumkatalia.

Saa mbili, maabarani. Naanza na sampuli za jana: gramu 25 za nyama ndani ya mililita 225 za maji ya peptoni, yaani chakula cha bakteria, zimekaa nyuzi 37 kwa muda wa saa 18. Wengi hudhani ukiwa na PCR, mashine ya kuzidisha DNA, huna haja ya kuotesha bakteria kwanza. Unayo. Mashine hiyo haiulizi kama bakteria yu hai au alikufa zamani. Ikikuta DNA yake, inaizidisha. Usiku huo mmoja unawapa walio hai nafasi ya kuzaana, hata wale wachache waliodhoofishwa na baridi.

Nachota mililita moja, nazungusha kwenye sentrifuji, namwaga maji ya juu, naongeza maji safi na kuchemsha dakika kumi. Bakteria wanapasuka, DNA inatoka.

Saa nne naingia chumba cha kuchanganyia dawa, na hapa sina utani. Koti jingine, glavu mpya, pipeti zisizovuka mlango. Aliyeshika jeli ya kusomea majibu leo haingii hadi kesho, hata awe bosi, kwa sababu tone dogo la DNA iliyozidishwa jana linaweza kumpaka Salmonela kuku asiye naye. Natafuta jeni ya invA, ambayo karibu Salmonela wote wanayo. Mirija miwili ya mwisho ndiyo walinzi wangu: mmoja una DNA ya Salmonela ninayemjua, mwingine maji matupu. Mizunguko 35, kisha mashine ijiendeshe.

Mchana ni ngege na ugali. Kijana wa mafunzo anauliza kama bado nakula kuku. Nakula, tena sana. Ila siioshi nyama mbichi kwenye sinki, maana matone yanaruka hadi kwenye kachumbari. Moto ndio unaoua bakteria. Kufikia saa nane sampuli za leo nazo ziko kwenye inkubeta.

Saa tisa DNA iliyozidishwa iko kwenye jeli, umeme unaivuta ili vipande vijipange kwa urefu, nikiomba stima isipotee. Baadaye, chini ya taa, nakimbilia mrija wa maji kwanza. Mstari ukionekana pale, kazi yote ya leo inatupwa. Hakuna kitu. Wa Salmonela umewaka panapotakiwa, kwenye urefu wa jozi 284 za herufi za DNA, na shingo mbili zimewaka sambamba nao.

Siandiki ripoti bado; nataka kwanza kumwona Salmonela akiota. Nachukua mchuzi wa shingo hizo, nauhamishia kwenye virutubisho vya Rappaport, vinavyompendelea Salmonela, nyuzi 41.5. Kesho utapakwa kwenye sahani za XLD za kuoteshea bakteria, na keshokutwa nitatafuta madoa yenye kiini cheusi.