Swali ninalouliza baba akiwa nje

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati moja hapa Tanga mjini. Hudhurio la kwanza tunahimiza mjamzito aje na mwenza wake wapimwe VVU pamoja. Utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Ila huwezi kumuuliza mwanamke kama anapigwa na huku mpigaji kakaa pembeni kamshikia kadi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka tuulize pale tu penye uwezo wa kumsaidia anayejibu ndiyo. Kwa hiyo kabla ya yote nilikwenda kujuana na afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto.

Faragha niliipata kwenye kitanda cha kupimia tumbo. "Shemeji, tusubiri hapo nje, namlaza mama nimpime." Hakuna anayekataa. Mama mkwe ndiye mwenye kazi, maana huyo hafukuzwi, anabembelezwa: "Shikamoo mama, hebu tushikie foleni ya dawa."

Pazia likifungwa, naanza na mtoto, anacheza vizuri? Kisha: "Dada, hili nawauliza wote. Nyumbani kuna anayekupiga, kukutisha au kukulazimisha usilolitaka?" Bila hilo "nawauliza wote", atadhani kuna jirani kamchongea.

Wengi husema hapana. Mmoja alisema hapana, akajifunga kanga, akaondoka. Hudhurio lililofuata, nikiwa bado natafuta mapigo ya mtoto, akaniambia, "Nesi, lile swali lako mbona leo hujaliuliza?"

Alikuwa na alama ya vidole mkononi. Sikumwambia aachane na mume. Nilisikiliza, nikamuuliza kama leo kurudi nyumbani ni salama. Tumbo halikuguswa, lakini nikamweleza kuwa pigo la tumboni linaweza kuachanisha kondo la nyuma, kwa hiyo akivuja damu au kubanwa na maumivu aje usiku huo huo. Kuhusu kwenda polisi, alisema bado. Alikubali ustawi wa jamii, na kwa shangazi yake Pongwe kuwe pa kukimbilia.

Kwenye kadi sikuandika neno. Kadi inakwenda nyumbani, na mume anajua kusoma. Maelezo yako kwenye faili linalofungiwa kabatini.

Sasa swali nalirudia kila mjamzito anapokuja, hata kwa waliokwisha kusema hapana, kwani kipigo kinaweza kuanza mimba ikiwa tayari kubwa.