Kwa Mchongoko Hadi Dodoma, Kuulizia Seli Shina

Mjomba alikuwa tayari kuuza kiwanja chake cha Chanika. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ilikuwa imezunguka video ya mgonjwa wa maltipo sklerosisi, yaani MS, aliyepandikizwa seli shina, yaani seli mama zinazozalisha damu, huko Mexico akarudi kwao anatembea. Mdogo wangu anaumwa ugonjwa huohuo. Na kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa wenye seli hizo, kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, tukaona kabla kiwanja hakijaenda, itangulie nauli ya Dodoma.

Tulipanda mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR, asubuhi na mapema. Mwendo wa kilomita 160 kwa saa si mchezo, lakini mimi nilichofuata ni kiyoyozi. MS na joto haviivi chungu kimoja. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili haiishii kwenye vijidudu, inageukia pia ganda la mafuta linalofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ganda likichubuka, taarifa zinapita kwa shida, na mwili ukipata joto zinapita kwa shida zaidi. Kwa basi la mchana mdogo wangu angefika jicho la kushoto limejaa ukungu.

Baada ya Kilosa treni ikawa inaingia na kutoka kwenye mahandaki, naye akaanza kunisomesha.

“Kaka, mjomba anadhani wanapanda mishipa ya fahamu mipya.”

“Kwani sivyo?”

“Sivyo kabisa. Ni kama kufomati simu iliyoingia virusi. Unafuta kila kitu, unaweka programu upya. Lakini kioo kilichopasuka hakizibiki kwa kufomati.”

Akaendelea hadi tukaipita Gulwe na mibuyu ikaanza kujitokeza. Mgonjwa anapewa dawa na sindano za kuzitoa seli shina kwenye uloto ziingie kwenye damu. Damu inapitishwa kwenye mashine, seli zinachujwa na kugandishwa. Kisha inakuja kazi yenyewe: dawa kali, zilezile za saratani, zinafagia kinga iliyoasi. Seli zake zinarudishwa kwa dripu ili damu iweze kujijenga tena, maana bila hizo angekaa muda mrefu mno bila kinga. Kwa takriban wiki mbili yuko chumba cha peke yake, na hata homa ndogo inawatia madaktari mashaka. Nywele zinanyonyoka. Uzazi unaweza kwenda moja kwa moja. Hilo la uzazi alilisema akitazama nje, nami sikumchokonoa.

Dodoma ilitupokea kwa jua la Oktoba. Hatua chache nje ya stesheni mguu wake wa kulia ukaanza kuburuta. Dereva wa bajaji akasema, “Pole dada, umeteguka?” Akamjibu ndiyo, basi, nani ana nguvu ya kueleza? Alilowesha kanga kwa maji ya chupa akajifunga shingoni, na tulipokuwa tunapanda vilima vya UDOM, ambako hospitali ipo, mguu ulikuwa umetulia.

Daktari alikuwa mpole na hakuwa na haraka. Kwanza akatutenganishia mambo mawili tuliyoyachanganya. Mtoto wa selimundu hawezi kurudishiwa seli zake mwenyewe, kwa sababu zimebeba kasoro ileile. Anahitaji za ndugu anayelingana naye. Mgonjwa wa MS anarudishiwa zake. Kwa hiyo ile hoja yangu niliyokuja nayo kifua mbele, kwamba niko tayari kuchangia uloto, haikuwa na soko.

Halafu akaja kwenye takwimu. Utafiti uliochapishwa 2019, ulioongozwa kutoka Chicago, ulikuwa na wagonjwa 110. Katika kundi lililoendelea na dawa, 34 walizidiwa na ulemavu. Katika kundi la seli shina, 3 tu. Hakuna aliyefariki. Mdogo wangu akanitupia jicho la ushindi. Daktari akaongeza ule wa Kanada wa 2016: wagonjwa 24, na mmoja alifariki kutokana na tiba yenyewe. Wanaofaidika zaidi, alisema, ni wale ambao ugonjwa unakuja na kuondoka, bado wanatembea, na MRI, yaani picha ya ubongo na uti wa mgongo, inaonyesha madoa mapya ya ugonjwa. Aliyekwisha kuingia kwenye hatua ya kudhoofika polepole hapati mengi. Video haikusema yule mgonjwa alikuwa kundi gani, na kwangu mimi hapo ndipo ilipotudanganya.

“Umeshawahi kutumia dawa ya rituksimabu?” daktari akamuuliza.

Hakuwahi. Miaka yote ni steroidi akizidiwa, kisha kusubiri azidiwe tena. Daktari akasema Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS mwaka 2023, na kwamba kumpeleka mtu kufutwa kinga yote kabla ya kujaribu dawa hiyo ni kuruka ngazi. Aandikiwe MRI mpya, ilinganishwe na ya zamani. Dawa ikishindwa, mazungumzo ya seli shina yafunguliwe upya, naye akiwa bado anatembea.

Tulimpigia mjomba tukiwa kwenye foleni ya MRI. Akauliza bei ya hiyo dawa. Nikamtajia ya dozi ya kwanza. Akapiga hesabu kwa sauti, akasema basi auze pikipiki, kiwanja tukiache kilipo.