Kufikisha kwaya Jumatatu ya Pasaka ikiwa bado na sauti

Mwanakwaya yeyote wa parokia anaijua sauti ya Jumatatu ya Pasaka. Inakwaruza, inakatikia katikati ya neno, na mwenye nayo anakujibu salamu kwa kutikisa kichwa tu. Kwetu Morogoro ilikuwa hivyo mwaka hadi mwaka, na watu waliihesabu kuwa heshima: fulani ameimba kweli, hata koo limeondoka. Mimi mwalimu wa kwaya nilikuwa siipendi heshima hiyo, kwa sababu tamasha letu ni Jumatatu hiyo hiyo. Vigango vyote, yaani makanisa madogo ya parokia, vinakuja, watoto wamevaa nguo mpya, halafu kwaya kuu ya parokia inasimama mbele ikiwa imechoka kuliko kwaya zote.

Ukilitazama Juma Kuu lenyewe utaelewa. Jumapili ya Matawi mnaimba mkitembea, vumbi au tope, kutegemea mvua imeamuaje. Alhamisi Kuu jioni, Ijumaa Kuu Njia ya Msalaba na Mateso kadiri ya Yohane, Jumamosi usiku Mkesha, Jumapili Misa zaidi ya moja. Tena kuanzia wimbo wa Utukufu wa Alhamisi hadi ule wa Mkesha, kinanda hakipigwi ila kusindikiza uimbaji, na kwetu tunakifunika kabisa. Siku zenyewe zinazodai nyimbo ndefu na za uchungu ndizo ambazo koo liko peke yake.

Kwa hiyo mwaka mmoja nilianza na kupunguza. Hilo halikupendwa.

Mkesha ndio uliokuwa unatumaliza. Masomo ya Agano la Kale ni saba, kila moja na wimbo wake wa kuitikia, na Baba Paroko wetu hapunguzi hata moja ingawa anaruhusiwa. Zamani kwaya iliimba zaburi zote kwa sauti nne, mashairi yote, kiitikio chote. Mwaka huo niligawa: kila zaburi mwimbaji mmoja, kiitikio kikaenda kwa waumini, kwaya imekaa. Tulisimama kwa wimbo wa Kutoka 15 tu, ule wa kuvuka bahari, kisha tukakaa tena mpaka Utukufu, kengele zilipolia. Waumini mwanzoni waliitikia kwa woga, lakini kufika zaburi ya nne kanisa lilikuwa linaimba lenyewe na mimi sikuwa na kazi.

Mbiu ya Pasaka, wimbo wa kutangaza ufufuko mwanzoni mwa Mkesha, nilimpa kijana wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, mwenye pumzi ndefu, maana Baba Paroko alikuwa na mafua. Mlei anaruhusiwa kuiimba, ila anaruka ile sehemu ya “Bwana awe nanyi”. Ni wimbo mrefu, hauna ala, taa zimezimwa na mshumaa mkubwa uko pembeni. Kijana alikuwa hajawahi kuimba peke yake mbele ya watu zaidi ya wanajumuiya wake. Nilimkataza kuimba chochote kingine tangu Ijumaa mchana, na alitii, isipokuwa nyumbani, alivyoniambia mama yake.

Kisha Aleluya. Mkesha ndipo inaporudi baada ya Kwaresima nzima, na padre anaianzisha mara tatu, kila mara juu kuliko iliyotangulia. Hapa ndipo koo nyingi zilikuwa zinaumia bila mtu kutambua: padre akianzia juu, ya tatu inakuwa kelele. Nilikwenda sakristia mapema nikamwambia, “Baba, naomba tuanzie chini kidogo.” Akacheka, akasema chini kwake ni wapi. Tukakubaliana mpiga kinanda ampe nota kwa sauti ndogo, ya kusikika na yeye tu. Ya tatu ikaangukia mahali ambapo hata bibi wa benchi la mwisho aliifikia.

Kuhusu mvua nilikuwa mkali. Pasaka kwetu inaangukia masika, na paa letu ni bati tupu. Ikishuka yenyewe, kwaya kwa silika inapandisha sauti ili ishindane nayo, na hakuna aliyewahi kulishinda bati. Sheria ikawa: nikiinua kiganja, sauti nne zinaachwa, wote tunaimba melodi moja pamoja na waumini, na ngoma inabeba mapigo. Ikizidi, tunanyamaza. Ilitokea Jumapili wakati wa matoleo, tukanyamaza, ngoma ikaendelea, watu wakapeleka mazao yao altareni vizuri tu.

Maji pia. Watu wanabugia maji dakika ya mwisho wakidhani yanalainisha sauti, kumbe maji yanapita njia ya chakula, hayagusi nyuzi za sauti. Yanasaidia yakinywewa tangu mchana, mwili mzima ukiwa nayo. Tangawizi na asali sikuzikataza. Soda ya baridi baada ya Mkesha nilijaribu kuikataza nikashindwa.

Sasa ubishi mkubwa ulikuwa Haleluya, ule wimbo maarufu wa mtunzi Handel. Mazoezi yake yanafanyika wakati wa Kwaresima, ambapo Aleluya haiimbwi Misani, kwa hiyo katekista wetu, mzee wa desturi, anakuja kufunga madirisha ya ukumbi ili isisikike nje. Kwaya ilizoea kuiimba Mkesha, Jumapili Misa ya kwanza, Jumapili Misa ya pili na Jumatatu. Nikasema: mara moja tu, Jumatatu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, ambaye ameimba kabla mimi sijazaliwa, akaniuliza, “Mwalimu, Pasaka bila Haleluya ni Pasaka ya wapi?” Na mzee wetu wa besi akaongeza kwamba sauti yake haina akiba, yeye akiimba anaimba.

Niliwajibu kwa kumtumia Handel mwenyewe. Aliandika kazi ile nzima, Messiah, London mwaka 1741, kwa siku 24, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka. Haikuwa Misa. Lilikuwa onesho la kuchangia hospitali na wafungwa wa madeni, na wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa fremu ili watu wengi waenee ukumbini. Ni tamasha basi, sawasawa na letu. Na ukiitazama karatasi ya solfa utaona jamaa alijua koo ni nini. Inaanza do ya juu, so, la, so, wote pamoja, kwa nguvu. Lakini ikifika “naye atamiliki”, besi wanaingia peke yao, halafu sauti ya tatu, halafu ya pili, ya kwanza mwisho. Wengine wanapumzika. Tatizo letu lilikuwa kwamba wanaopaswa kupumzika walikuwa wanawasaidia besi! Mahali pagumu ni pale sauti ya kwanza inaposhikilia “Mfalme wa wafalme” ikipanda ngazi kwa ngazi huku wengine wanaitikia “milele na milele”. Hapo niliwagawa wanawake mafungu mawili, wakawa wanapumua kwa kupokezana, na noti haikukatika.

Mazoezi yote ya wiki ya mwisho tuliimba nusu sauti, tumeketi. Mzee wa besi alidhani nimeugua.

Jumatatu yenyewe niliipanga ili kwaya iimbe kidogo kuliko ilivyozoea. Walutheri jirani walitukopesha kundi lao la matarumbeta, na hao ndio waliofungua: tarumbeta likipiga wimbo wa ufufuko uwanjani, huhitaji koo la mtu. Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, wakafuata na nyimbo zao za kuruka, kayamba mkononi, moja wakaigiza Petro na Yohane wakishindana mbio kwenda kaburini. Petro alianguka kwenye tope, akapigiwa vigelegele. Kuna waliosema si heshima. Mimi naona Pasaka isiyochekesha watoto imeimbwa nusu.

Wakati wa chakula mpiga kinanda alipiga ile intermezzo ya Mascagni, kipande cha ala tupu kutoka Cavalleria rusticana, opera (igizo la kuimbwa) iliyooneshwa kwanza Roma mwaka 1890. Inatokea asubuhi ya Pasaka katika kijiji cha Sicilia, na kipande hicho kinapigwa jukwaa likiwa tupu, watu wako kanisani. Hadithi yenyewe inaishia kwa wivu na mauaji, nikaona si lazima kuitangaza watu wakisubiri pilau. Akaunganisha na wimbo wa Irving Berlin wa mwaka 1933 kuhusu kofia mpya ya Pasaka. Hakuna aliyeujua, lakini wamama wenye vitenge vipya walianza kuyumba nao bila kuambiwa.

Haleluya ilikuja mwisho, sauti zote zipo. Karibu na mwisho kuna kimya cha ghafla kabla ya Haleluya ya mwisho, ile ya polepole, na kila mwaka kuna mtu alikuwa anarukia. Niliwafundisha kwamba hapo ndipo pa kuvuta pumzi, macho kwangu. Walinyamaza wote. Aliyerukia ni mtoto mmoja wa uwanjani, “Aleluya!”, watu wakaangua kicheko, nasi tukamalizia tukiwa tunacheka.

Kisha mzee wa besi akasimama kutoa neno la shukrani kwa niaba ya kwaya. Miaka mingine sauti ilikuwa inamkatikia baada ya sentensi mbili. Safari hii ilikuwepo yote, akaanza na historia ya parokia tangu wamisionari, na waliokuwa wanasubiri sahani ya pili wakanitazama mimi.